Pindo la Shali

Siku Kong Phlismon aliporudisha tambuu kwenye sinia bila kuitia mdomoni, Trisibon alijua jambo zito limeingia nyumbani mwake.

Phlismon, Kong kama wanavyoitwa wanawake wa heshima huko, alikuwa amekuja kuchukua shali ya binti yake Aihun, aliyokuwa ameileta ishonwe. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo asubuhi ile, na ukungu ulikuwa umepanda kutoka korongoni hadi ukuta wa jikoni, kama ilivyo kawaida ya kijiji cha Nongkhlur. Trisibon alimweka mgeni wake kwenye kigoda karibu na mafiga, akamkatia popoo, akapaka chokaa kwenye jani, akakunja, akamsogezea sinia. Walikuwa wakikirimiana hivyo tangu walipokuwa wasichana wa kwenda kuchota maji pamoja.

"Aihun ameamkaje?"

"Homa inakwenda, inarudi. Jana kakataa hata uji." Phlismon alichukua tambuu, akaishika tu mkononi. "Nataka nimfunike shali ya bibi yake. Labda atatoka jasho."

Ibanri, kitinda mimba wa Trisibon, alitoka chumbani na shali imekunjwa vizuri. Ilikuwa hariri nzito ya manjano yenye pindo jekundu, na pindo hilo ndilo lililokuwa limefumuka. Phlismon aliikunjua mapajani, akapitisha kidole pembe moja baada ya nyingine. Kwenye pembe ya mwisho kidole kikasimama.

"Hapa pamekuwaje?"

"Hapo? Nimekata kidogo tu, mama," Ibanri alijibu akicheka. "Nipeleke mjini Shillong nikalinganishe uzi. Hapa sokoni huwezi kupata wekundu kama huo. Shuleni kwa watawa tulifundishwa hivyo, unabeba kipande, hubebi shali nzima ikanyeshewe kwenye basi. Uzi nimeshapata, bado kushona tu."

"Ulikata lini?"

"Siku ileile uliyoileta."

"Kabla ya homa," alisema Phlismon, na hakuwa anauliza.

Ndipo aliporudisha tambuu. Aliiweka taratibu, kama mtu anayeogopa kuliamsha sinia. Akakusanya shali kifuani, akasimama, akatoka kinyumenyume hadi mlangoni, macho yake kwao, bila kuwapa mgongo.

Ibanri bado alikuwa na tabasamu, lakini lilikuwa limepoteza pa kukaa. "Mama, amekasirika? Kipande chenyewe ni cha ukubwa wa ukucha."

"Ukucha nao huchukuliwa," alisema Trisibon. "Na nywele. Na pindo la nguo."

Rangi ikamtoka msichana usoni. Hadithi alikuwa anaijua, nani asiyeijua katika vilima vile? Kuna nyumba zinazofuga nyoka mla watu. Nyoka huwapa mali, naye hudai damu ya watu. Anayemwindia hukata pindo la nguo ya mtu, au kishungi cha nywele, na mwenyewe hunyauka kidogo kidogo mpaka akaisha. Watu hawamtaji kwa jina. Husema neno moja tu: wanafuga. Na nyoka hurithiwa kama nyumba inavyorithiwa, kutoka kwa mama kwenda kwa binti wa mwisho. Ibanri alilijua hilo tangu akiwa mgongoni. Mikono yake ndiyo iliyosahau, kwa miaka ile ya mkasi na kitambaa huko shuleni.

*

Hakuna aliyekuja kuwauliza chochote. Ingekuwa afadhali.

Bombani, Trisibon alipoweka ndoo yake kwenye foleni, ndoo iliyokuwa mbele ilisogezwa, na ya nyuma ikarudishwa, mpaka yake ikabaki peke yake kama mgonjwa wa ndui. Sokoni alipanga popoo na majani ya tambuu juu ya gunia tangu asubuhi, akayarudisha nyumbani yote. Muuza nyama ya nguruwe, mtu wa utani tangu zamani, alimwona amesimama mbele ya meza yake.

"Kong Trisi, wewe wa kununua nyama? Si mnafuga?"

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, wote kwa pamoja, na kimya kile kikawa kibaya kuliko kicheko. Muuza nyama naye aliinamisha kichwa, akaanza kufuta kisu ambacho kilikuwa safi.

"Nafuga kuku saba," Trisibon alisema. "Njoo uwahesabu."

Nyuma yake alisikia wanawake wawili wakinong'ona kwa namna ya watu wanaotaka kusikika.

"Nilidhani yale mabati yametokana na kuuza majani ya mdalasini."

"Majani gani ya kuezeka nyumba nzima? Na cherehani je?"

Kanisani benchi lao liliwatosha kulala. Mchungaji alihubiri vizuri sana juu ya kuacha woga, na ibada ilipokwisha akawapa mkono watu wote mlangoni, ila walipofika wao akawa amegeuka kufunga dirisha.

Kitu kimoja tu Trisibon alikishika moyoni siku zile. Jirani wa upande wa juu, mjane asiye na maneno mengi, alikuwa ameazima chungu kabla ya mambo haya. Asubuhi moja chungu kilikutwa kizingitini. Mwenyewe hakubisha hodi. Lakini Trisibon alipofunua, ndani mlikuwa na wali na samaki mkavu, bado vina moto. Mtu harudishi chungu kitupu kwa jirani yake, na mjane yule, pamoja na hofu yake, alikuwa amekataa kuanza. Trisibon alikula huku akilia, akamwambia Ibanri ni pilipili.

*

Kynsai, kaka yake Trisibon, alikuwa akiishi kwa mkewe kijiji cha bondeni, kama wanaume wa huko wanavyoishi. Alifika adhuhuri, amelowa mpaka mifupa, akaketi bila kungoja kukaribishwa. Tambuu aliitafuna. Trisibon alimwangalia akiitafuna, akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Baraza limekaa," Kynsai alisema.

"Bila kuniita?"

"Trisi, tangu lini mwanamke akaitwa barazani?"

"Kwa hiyo wameiongelea nyumba yangu nami nipo hapa napepeta mchele."

Kynsai alijipangusa uso. "Wanataka mtoe kila kitu. Nguo, vyungu, cherehani, mabati, akiba. Mvichome wenyewe pamoja na nyumba, mbele ya watu, mseme mnamtoa. Mtoke na nguo za mwilini tu. Mkifanya hivyo hakuna atakayewagusa."

"Na tusipofanya?"

Alitazama moto. "Vijana wameshanunua mafuta ya taa."

Ibanri alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, mikono ameifumbata kwapani. "Mjomba, tuondoke leo. Basi la mchana bado halijapita. Tuna watu Shillong."

"Ukikimbia umekiri, mwanangu. Shillong wamejaa watu wa huku. Jina litafika kabla yenu, tena litakuwa limekaa kwenye kiti linakungojeni."

Mvua ilianza tena, ikapiga mabati kwa kishindo. Trisibon aliongeza ukuni.

"Enzi za bibi," alisema, "neno kama hili lingeletwa hapa, kwenye mafiga haya. Mama wa nyumba angeketi, kaka yake angepasua yai juu ya ubao, maganda yangeanguka yanavyoanguka, na watu wangesoma. Ukitoka safi, umetoka safi. Hakuna wa kukunyooshea kidole."

"Ubao ulitupwa korongoni, yule mhubiri mzungu alipombatiza bibi. Unajua."

"Najua. Na bwana mkubwa wa serikali yao akasema yeye ataongea na mwanamume mmoja tu katika kila kijiji. Tangu hapo jikoni hapaulizwi neno." Alipuliza moto. "Yai wakalichukua, Kynsai. Nyoka wakatuachia."

"Kirini tu, dada yangu," Kynsai alisema kwa sauti ya kuomba. "Nyumba hujengwa. Watu hawajengwi."

Trisibon alimgeukia binti yake. "Si yangu kuichoma. Mimi ni mtunzaji tu mpaka nizikwe. Nyumba ni ya kitinda mimba. Muulize mwenyewe."

Ibanri aliinua macho kwa hofu. Katika siku zote zile hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Alizungusha gurudumu la cherehani mbele na nyuma bila kushona.

"Nikisema tunamtoa," alisema mwishowe, "nitakuwa nimesema alikuwepo."

"Ndiyo," Trisibon alisema.

"Basi binti nitakayemzaa atazaliwa naye. Na binti yake. Watasema, huyo ni wa ile nyumba iliyomtoa." Akameza mate. "Hakuna atakayekula tambuu mikononi mwao mpaka mwisho wa dunia."

Kynsai aliinuka, akachungulia nje kwenye ukungu.

"Naogopa sana, mama," Ibanri alisema. "Lakini sichomi."

*

Walikuja mchana uleule, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba walisikika kabla ya kuonekana. Kwanza nyayo kwenye ngazi za mawe, kisha ngao za majani wanazobeba watu vichwani kujikinga mvua, moja moja zikitokeza kama makobe waliosimama. Mbele alikuwa Bah Shemphang, Bah kama wanavyoitwa wanaume wa heshima, mkuu wa kijiji. Nyuma yake vijana, na mmoja wao alikuwa na dumu.

Jiwe likapiga bati. Kuku wakaruka. Ndani, Ibanri alijibanza ukutani.

Kynsai ndiye aliyetoka kwanza, kwa kuwa alikuwa mwanamume na neno lilikuwa lake. Alisema, "Ndugu zangu," na hapo sauti ikamkauka. Alisimama tu kwenye mvua, mdomo wazi, mzee wa watu.

Trisibon akatoka akasimama kizingitini, kando yake.

"Bah Shem, umekuja kwangu na watu wote hawa, na sina viti."

"Rudi ndani, Kong Trisi. Naongea na kaka yako." Shemphang hakuwa mtu mbaya. Yeye naye alikuwa na mabinti nyumbani, na usiku uliopita alikuwa amewakusanyia nguo zote ndani asije mtu akazigusa. "Tangu lini kuku jike akawika? Akiwika, dunia imekwisha."

Vijana walicheka kwa wasiwasi.

"Siwiki," Trisibon alisema. "Kuwika ni kwa jogoo, nakuachia. Kuku jike hutetea. Acha nitetee."

Kicheko kilichofuata kilikuwa tofauti kidogo. Hata Shemphang mdomo ulimcheza. Lakini jiwe la pili lilirushwa kutoka nyuma, likampata Kynsai begani, akayumba, na kicheko kikaisha. Kijana mwenye dumu alifungua kifuniko. Harufu ya mafuta ya taa ilifika kizingitini haraka kuliko maneno.

"Mtoeni wenyewe, kabla hatujamtoa sisi!" mtu alipiga kelele.

Ndipo Ibanri alipotoka. Mkononi alishika kopo la vifungo. Watu wa mbele walirudi nyuma hatua, kwa jinsi alivyolishika. Alilifungua, akatoa kitu chekundu, akakiinua kwenye mvua ili wote wakione, na mguno ukapita katika umati kama upepo kwenye mianzi.

Trisibon alinyoosha mkono kumvuta, naye akasogea mbele.

"Hiki hapa," Ibanri alisema. "Sikukificha. Kong Phlismon, kama upo, nisikie. Nilikata bila kukuita uone. Hilo ni kosa langu, na aibu yake ni yangu. Sikujua la kufanya nikakaa kimya, hilo pia kosa. Lakini humu ndani hamna kitu cha kutoa. Nyumba siichomi."

"Mnyang'anyeni!" mtu mwingine alisema, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukigusa.

Umati uligawanyika. Phlismon alikuja mbele bila ngao, nywele zimemganda usoni. Shali alikuwa amejifunga kiunoni, ndani ya nguo, kama mtu anayemficha mtoto mchanga. Ilionekana hakuwa amelala siku nyingi. Alikitazama kile kipande, kisha akamtazama msichana.

"Kirudishe," alisema. "Kishone pale ulipokitoa. Mbele ya macho yangu."

"Usiingie mle, Phlismon!" Shemphang alimwonya.

"Mwanangu anakufa, Bah Shem. Wewe una dawa nyingine?"

Akapanda kizingiti. Wanaume wakabaki uani. Walikuja kuiteketeza nyumba ile, lakini kuingia kwenye nyumba ya mwanamke bila mwenyewe kuwakaribisha, hapo miguu yao ilikataa.

Ndani, Phlismon aliketi kwenye kigoda, akaikunjua shali. Trisibon akasimama kando, na Ibanri alipiga magoti mbele ya Phlismon, akapachika kipande mahali pake. Kililingana, ungedhani hakikuwahi kutoka. Uzi wa Shillong nao ulilingana. Alichukua sindano, akajaribu kutunga uzi, ukapita pembeni. Akajaribu tena. Vidole vilitetemeka kiasi kwamba ncha ya uzi ilifumuka ikawa kama mkia wa paka. Mara nyingine tena. Nje jiwe likapiga bati, sindano ikaanguka mapajani mwa Phlismon.

"Lete," Phlismon alisema kwa kuchoka.

Alichukua uzi, akautia mdomoni, akaulowesha kwa mate, akausokota kwa midomo, akautunga mara moja, kama alivyofanya maisha yake yote, kama kila mama anavyofanya anapomwona mtoto ameshindwa. Kisha akabaki ameshika sindano hewani.

Wote watatu walikuwa wameelewa kwa wakati mmoja. Mate. Si ukucha wala nywele, bali mate yenyewe, yaliyotoka kinywani mwake kwa hiari yake, ndani ya nyumba hii, juu ya uzi huu.



Phlismon aliitazama sindano. Alimtazama Trisibon, rafiki yake wa ndoo na bomba, kwa macho ya mtu aliyejikuta katikati ya daraja. Nje walikuwa wakimwita jina.

"Basi," alisema polepole. "Kama kuna anayekula watu humu, ameshanila na mimi." Akampa Ibanri sindano. "Shona, mwanangu. Shona mishono midogo midogo, kama ya bibi yake Aihun."

Ibanri alishona. Machozi yalimdondoka juu ya pindo, na hakuna aliyemkataza. Alipomaliza, Phlismon aliinama akakata uzi kwa meno yake mwenyewe.

"Mpeleke hospitali, Phlis," Trisibon alisema. "Nakuomba kwa jina la mama zetu."

"Walisema hospitali haitibu nyoka."

"Basi mpeleke akatibiwe homa."

Phlismon alifuta pua kwa kiganja. Ngazi za kwenda barabarani zilikuwa nyingi na zinateleza, na mume wake kifua kilimsumbua. Alifungua mdomo kusema hayo, lakini Kynsai, aliyekuwa mlangoni akichuruzika maji, alimtangulia.

"Nitambeba mimi. Kiti cha mgongoni ninacho." Bega lilikuwa limeanza kuvimba pale jiwe lilipompata. Akabadilisha upande. "Nitambeba kwa hili jingine."

Walipotoka, Phlismon akiwa amejitanda shali mabegani ili pembe zote zionekane, umati uliwapisha. Shemphang aliiangalia pembe iliyoshonwa, kisha akamwangalia Trisibon.

"Tutangoja," alisema. "Ila yule mtoto akifa…" Hakumalizia. Alitikisa kichwa, akawafuata.

Kijana aliweka dumu chini karibu na ua, na akaliacha palepale.

*

Baada ya hapo walikaa wakisikiliza. Mtu akifa Nongkhlur, kengele ya kanisa hulia, saa yoyote iwayo. Asubuhi Trisibon aliamka akasikiliza kabla hajafungua macho. Alipika akisikiliza. Ukuni ukilia motoni, Ibanri aliruka. Kynsai hakurudi wala hakutuma neno, na dumu lilikuwa bado uani, mvua ikilipiga. Hakuna aliyekuja kulichukua. Wao wenyewe waliogopa kulisogeza, isije ikasemwa wamelificha.

Mjane wa juu aliazima chungu tena. Hakuwa na haja nacho, Trisibon alijua. Akampa.

Kisha kengele ikalia.

Ilikuwa asubuhi, ukungu mweupe mlangoni. Ibanri alikuwa akipiga pasi; aliiweka pasi kando taratibu, akazima makaa. Trisibon alivua pete ya mama yake, akamvisha binti kidoleni. Walikaa bega kwa bega juu ya kigoda kimoja kisichowatosha, wakishikana mikono, wakiitazama njia. Kengele iliendelea, iliendelea mno.

"Mama," Ibanri alinong'ona. "Leo si Jumapili?"

Walitazamana. Hakuna aliyekuwa amewaamkia siku nyingi kiasi kwamba walikuwa wamepoteza hesabu ya siku. Trisibon akaanza kucheka, akaweka upindo wa nguo mdomoni kujizuia, maana kicheko chenyewe kilikuwa na kilio ndani yake. Na alipokuwa bado hivyo, alisikia nyayo kwenye ngazi za mawe. Mtu mmoja. Mzito, mchovu, asiye na haraka. Nyayo zilifika uani, zikasimama pale penye dumu, zikaendelea.

Phlismon aliingia bila hodi. Akaketi kwenye kigoda kilekile, ambacho wawili wale walikuwa wameruka kutoka juu yake kama kina moto. Viatu vyake vilikuwa na tope jekundu la barabarani. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye sinia.

Trisibon alikata popoo. Ibanri alipaka chokaa, akakunja jani, akalisogeza kwa mikono miwili. Phlismon akalitia mdomoni. Alitafuna kwa muda, akafumba jicho moja, akakunja uso.

"Chokaa yenu siku zote kali," alisema. "Aihun anarudi Jumanne. Mpunguze kabla hajafika, maana homa imemwachia vidonda mdomoni, na yeye amesema tambuu yake ya kwanza ataitafunia hapa."